Ombi, jibu na mlango wa seva: historia fupi kutoka Adams Arcade

Kuna swali ambalo vijana wanaoanza kuandika programu za mtandao huniuliza kila mara: "Kwa nini nijisumbue kujua jinsi fremuweki inavyopokea maombi, ilhali inaifanya kazi hiyo yenyewe?" Swali ni zuri na leo nimeamua kulijibu kwa njia ya historia. Nitaisimulia kutoka hapa Adams Arcade, kando ya Ngong Road, kwa sababu sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa, mbele ya macho yetu. Mwishoni nitaeleza kosa langu mwenyewe, ambalo nusura limharibie mama mmoja jina lake sokoni.

Tuanze na maneno mawili ili tuwe pamoja. Unapoandika anwani ya tovuti na kubonyeza, kompyuta au simu yako hutuma OMBI kwa seva. Seva hulisoma, hufanya inalofanya, kisha hurudisha JIBU. Basi, mtandao mzima ndio huo. Fremuweki ni kiunzi cha programu kinachokaa upande wa seva na kukurahisishia kazi ya kupokea maombi na kutunga majibu, usianze kujenga nyumba kwa kufyatua matofali.

Askari asiyekumbuka sura

Kila mtu aliyewahi kuingia katika jengo la ofisi Nairobi anamjua askari wa mlangoni. Unaandika jina katika kitabu cha wageni, namba ya kitambulisho, unakwenda kumwona nani, saa ngapi. Kisha anakuelekeza: ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Kesho ukirudi, hata kama mlisalimiana jana na mkacheka, unaandika upya.

HTTP, yaani lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, ni askari wa aina hiyo. Tim Berners-Lee alipoibuni kule CERN, Uswisi, toleo la kwanza la mwaka 1991 lilikuwa na ombi la mstari mmoja tu:

GET /ukurasa.html

Seva ilirudisha ukurasa, ikakata mawasiliano, ikasahau kila kitu. Usahaulifu huo ulikuwa wa makusudi. Seva isiyobeba kumbukumbu ya kila mgeni inaweza kuwahudumia wageni wengi. Lakini duka la mtandaoni litajuaje kwamba aliyeweka viatu kikapuni ndiye huyu anayetaka kulipa? Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alileta jawabu: kuki. Seva inakupa kikadi kidogo, na kila unaporudi unakionyesha. Askari bado hakumbuki sura yako, ila anaijua kadi yake.

Mwaka 1993 watu wa NCSA kule Marekani walileta CGI, utaratibu wa seva kuiita programu badala ya kutoa faili lililokwisha kuandikwa. Kila ombi lilipofika, programu iliwashwa upya, ikafanya kazi yake, ikazimwa. Ilikuwa kama kuajiri mpishi mpya kwa kila sahani ya ugali! Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf akatoa PHP kwa umma, na maelfu yetu tukaingia katika fani hii kupitia mlango huo.

Mwaka 1999 mambo mawili yalitokea. Hapa Adams Arcade ulifunguliwa mkahawa wa kwanza wa Nairobi Java House. (Java yetu sisi waandishi wa programu ilitoka 1995, nayo pia ilipewa jina la kahawa, kwa hiyo msishangae tukipenda kukaa huko na kompyuta zetu.) Mwezi Juni mwaka huo huo ukatolewa waraka wa RFC 2616, ulioeleza HTTP toleo la 1.1. Ndani yake kuna jambo ambalo wengi tulilisoma haraka haraka na kulipita: kuna maombi ambayo ukiyarudia mara kumi matokeo ni yale yale, na kuna mengine ambayo kila ukiyarudia yanaweza kuleta tokeo jipya. Kusoma ukurasa mara kumi hakuna madhara. Kutuma fomu ya malipo mara kumi ni jambo lingine kabisa. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Kutoka milango mia hadi lango moja

Tovuti zetu za mwanzo za PHP zilikuwa na faili moja kwa kila ukurasa. Ingia.php, lipa.php, ripoti.php, na kadhalika. Kila faili ulikuwa mlango wake, na kila mlango ulihitaji askari wake. Ukisahau kuweka ukaguzi katika faili moja, mwizi anaingia kwa mlango huo huo. Na tulisahau sana.

Fremuweki zilikuja kuziba milango hiyo. Rails ya David Heinemeier Hansson ilitoka 2004, Django ikatolewa kwa umma 2005, na kwa sisi watu wa PHP ikaja CodeIgniter mwaka 2006. Hazifanani, lakini wazo ni moja: maombi yote yapite lango moja. Langoni kuna kielekezi kinachosoma anwani na kuamua ni kidhibiti kipi kishughulikie. Mfano katika CodeIgniter, anwani inayoishia na

/ripoti/onyesha/12

inamaanisha: mpeleke mgeni kwa kidhibiti kinachoitwa ripoti, aitiwe kazi ya onyesha, na umpe namba 12. Kidhibiti huiuliza hifadhidata, hukabidhi matokeo kwa ukurasa wa maonyesho, na jibu linatoka. Ukitaka kuwakagua wageni wote, unaweka ukaguzi langoni mara moja tu.

Kwetu urahisi huo ulikuwa na thamani ya ziada, kwa sababu kila ombi lilikuwa ghali. Kabla ya Julai 2009, nyaya ya SEACOM ilipowashwa Mombasa, intaneti ya Kenya kwenda ng'ambo ilitegemea setilaiti. Setilaiti hizo hukaa kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lilipanda na kushuka, kilomita 72,000, na jibu likapanda na kushuka kilomita nyingine 72,000. Hata kwa mwendo wa mwanga, safari hiyo inachukua karibu nusu sekunde, na hapo seva haijafanya chochote. Nasi tovuti zetu nyingi tulizipangisha Marekani. Mtu aliyeketi saibakafe ya hapa Ngong Road akisoma tovuti ya jirani yake wa Kilimani alikuwa anatuma ombi angani na kuvuka bahari, huku mita ya dakika inahesabu! Tuliokulia wakati huo tulijifunza kuhesabu maombi kama mtu anavyohesabu nauli.

2008: ombi lisilo na kivinjari

Sasa tufike palipo na uzito.

Nyuma ya Adams Arcade kuna soko la Toi, na kutoka hapo unaingia Kibera. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipotangazwa na ghasia zikalipuka, soko hilo liliteketezwa. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 3 Januari 2008 Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit, aliuliza kama kuna mafundi wanaoweza kuweka kwenye ramani mahali ambapo ghasia na uharibifu unatokea. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine waliitika, na katika siku chache tu tovuti ilikuwa hewani. Wakaipa jina la Kiswahili: Ushahidi.

Wengi huisifu kwa ramani. Mimi kama mtu wa seva huitazama kwa jicho lingine. Watu waliokuwa na ushahidi hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na simu ya kubofya na, wakibahatika, shilingi chache za SMS. Fremuweki zote nilizozitaja zilibuniwa na watu waliodhani kwamba anayeomba ana kivinjari, ana skrini, na amekaa akisubiri jibu. Mwenye simu pale Toi hakuwa na lolote kati ya hayo. Ombi lake lingepita wapi?

Ushahidi ilipoandikwa upya baadaye mwaka huo ili watu wengine nao waitumie, ilijengwa kwa PHP juu ya Kohana, fremuweki iliyozaliwa 2007 kutokana na CodeIgniter baada ya baadhi ya watumiaji wake kutaka mradi unaoendeshwa na jamii yenyewe. Suala la SMS lilitatuliwa kwa njia ambayo mpaka leo hunifurahisha kwa urahisi wake. Unachukua simu au modemu, unaiunganisha na kompyuta yenye FrontlineSMS, programu ya Ken Banks iliyoanza 2005. Ujumbe ukiingia, FrontlineSMS inaugeuza kuwa ombi la kawaida la HTTP na kulituma kwenye seva ya Ushahidi, kwa anwani ya umbo hili:

/frontlinesms/?key=...&s=...&m=...

Herufi s ilibeba namba ya mtumaji, m ilibeba ujumbe, na key ilikuwa siri ya kumthibitishia askari kwamba aliyeleta barua ni mjumbe halali. Upande wa seva palikuwa na kidhibiti kingine tu kama vile vya kurasa. Lango lilikuwa lile lile. Kohana haikujua wala haikujali kwamba mwenye ombi amesimama matopeni na Nokia mkononi.

Wajuzi watanung'unika: hilo ni ombi la GET, na GET kwa kanuni za 1999 ni la kusoma, halipaswi kuandika kitu katika hifadhidata. Kweli kabisa. Lakini kazi ilifanyika. Novemba 2008 mfumo huo ulitumika mashariki ya Kongo, Januari 2009 Al Jazeera wakautumia kuhusu Gaza, na tetemeko la Haiti la Januari 2010 lilipotokea, ukapokea ujumbe kutoka kwa watu waliohitaji msaada. Mwaka huo huo hatua chache kutoka hapa, vijana wa Map Kibera waliutumia kwa Voice of Kibera, na wakazi wakawa wanatuma habari za mtaa wao wenyewe. Machi 2010 iHub nayo ikafunguliwa katika jengo la Bishop Magua, barabara hii hii ya Ngong, na ikakaa hapo hadi 2017. Wengi wetu tulijifunza kuandika vidhibiti tukiwa humo, au tukiwa ndani ya matatu tukielekea humo.

Jibu linalokuja kwa mlango wa pili

Ushahidi ilifundisha kwamba ombi linaweza kutoka popote. Somo la pili lililetwa na simu hizo hizo, nalo ni gumu zaidi: jibu si lazima lirudi kwa njia ya ombi.

Chukua USSD, zile menyu za nyota na reli. Africa's Talking, kampuni ya Nairobi iliyoanza 2010, iliwawezesha waandishi wa programu wa kawaida kuzitengeneza. Kila mtumiaji anapobonyeza namba, seva yako hupokea ombi lenye namba ya kikao, namba ya simu, na maandishi. Jibu lako ni maandishi matupu yanayoanza na neno moja kati ya mawili: CON ukitaka mazungumzo yaendelee, END ukitaka yaishe.

CON Karibu
1. Angalia salio
2. Changa

Hapa hakuna kuki kabisa. Basi seva inakumbukaje mtu amefika wapi? Maandishi yanayokuja na ombi yanabeba njia yote aliyopita: akichagua 2 kisha akaandika 200, unapata 2*200. Mgeni anakuja na historia yake mkononi, na askari msahaulifu hahitaji kukumbuka kitu.

Halafu kuna pesa. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mwaka 2017 Safaricom wakatoa Daraja, njia ya kuunganisha programu yako na mfumo wao. Ukitaka mteja alipe, seva yako inatuma ombi, na jibu linarudi mara moja. Lakini soma vizuri jibu hilo! Halisemi "amelipa." Linasema "nimepokea ombi lako," na kukupa namba ya kumbukumbu. Wakati huo simu ya mteja ndiyo kwanza inamwuliza namba ya siri. Huenda akaiweka, huenda akakataa, huenda matatu ikaingia mahali pasipo na mtandao. Matokeo halisi yanakuja baadaye, kama ombi jipya kutoka kwao kuja kwenye anwani uliyowapa. Yaani mmebadilishana viti: wewe uliyeomba sasa ndiwe unayeombwa, na ni wajibu wako kujibu upesi kwamba umepokea.

Nimeona vijana wengi wenye akili wakikwama hapa. Wanafungua bidhaa baada ya jibu la kwanza, kabla ya malipo. Si wajinga, ila wamejifunza fremuweki kutoka vitabu vinavyodhani kwamba ombi na jibu ni mapacha walioshikana mikono.

Kosa langu

Niliahidi, basi nitimize.

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza programu ndogo kwa chama cha akina mama wanaofanya biashara huku kwetu. Kila mmoja alichanga shilingi 200 kwa siku kwa simu. Uthibitisho wa malipo ulipofika kwenye seva yangu, kidhibiti kiliandika mchango katika daftari la chama, kikatuma SMS kwa aliyechanga, kikatuma nyingine kwa mweka hazina, kikajumlisha upya hesabu zote, NDIPO kikamjibu mtoa huduma ya malipo: nimepokea. Nilijiona fundi.

Siku za kawaida hayo yote yalichukua sekunde moja. Siku ambazo SMS zilikwama, yalichukua muda mrefu. Na mtumaji yeyote mtandaoni akikosa jibu, hujaribu tena. Ndivyo inavyotakiwa, maana hajui kama barua ilifika. Ikaletwa barua ile ile mara ya pili. Kidhibiti changu kikaipokea kwa furaha na kuandika mchango mwingine wa shilingi 200.

Mwisho wa mwaka walipokaa kugawana, daftari lilionyesha pesa zaidi ya zilizokuwa benki. Tofauti ilikuwa shilingi 11,400. Kompyuta haidanganyi, si ndiyo? Kwa hiyo mweka hazina ndiye aliyekula. Mama huyo alikuwa ameshika pesa za wenzake kwa miaka tangu enzi za daftari la karatasi, na hakuwahi kupoteza shilingi. Sasa walikuwa wananong'ona akipita.

Alinipigia simu jioni. Hakufoka. Aliniambia tu, "Mwanangu, mimi sijui mambo ya kompyuta. Lakini hiyo kitu yako imesema mimi ni mwizi. Hebu iulize tena vizuri."

Sikulala. Kilichoniokoa, au tuseme kilichomwokoa yeye, ni kwamba nilikuwa nimeweka langoni kitu kidogo cha kuandika kila ombi lilivyofika, neno kwa neno, pamoja na saa yake. Kitabu cha wageni! Nilipokipitia nikaona namba moja ya risiti mara mbili, zikiachana kwa sekunde chache. Kisha nyingine. Kufikia alfajiri nilikuwa nimehesabu risiti 57 zilizoandikwa mara mbili. 57 mara 200 ni 11,400. Haikuzidi wala kupungua.

Nilizichapisha na kwenda nazo kwenye mkutano wao. Nilisimama mbele ya akina mama wale na kueleza kwamba kosa ni langu, wala si la mtoa huduma, na zaidi ya yote si la mweka hazina. Walizikagua risiti moja moja, wakizilinganisha na simu zao. Ilichukua saa mbili. Sitazisahau.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache. Kwanza, ombi linapofika, liandike lilivyo. Pili, namba ya risiti isikubaliwe mara mbili katika hifadhidata. Ikija tena, jibu "nimepokea" na usifanye lolote. Tatu, jibu kwanza, kisha kazi za SMS na hesabu zifanywe pembeni na foleni ya kazi. Yote hayo yako wazi katika wazo lile la 1999 nililosema mlikumbuke: jua ni ombi gani likirudiwa linaleta madhara. Nilikuwa nimelisoma, lakini sikuwa nimelielewa.

Kwa hiyo, kijana wangu

Rudi kwenye swali lako. Fremuweki zitapita. Kohana haiendelezwi tena, na Ushahidi yenyewe ilikwisha kuhama. Laravel iliyokuja 2011 ndiyo wengi wanaitumia, nayo itapata mrithi wake. Ukijifunza majina ya vidhibiti tu, utajifunza upya kila baada ya miaka mitano.

Jambo ambalo halijabadilika tangu ule mstari mmoja wa 1991 ni kwamba mtu fulani, mahali usipopaona, ametuma maneno machache, na seva yako inapaswa kuamua maana yake. Fremuweki inakujengea lango na kukuwekea askari. Haiwezi kujua kwamba mgeni huyu alikwisha kuja asubuhi na barua ile ile, wala kwamba jina la mama mmoja pale sokoni linategemea wewe kulitambua hilo. Hiyo sehemu ni yako.

Kawekeni vitabu vya wageni kwenye malango yenu, jamani. Tukutane wakati mwingine.